Upepo Unalala kwa Nani

"Kabla hujawasha, uliza upepo unalala kwa nani."

Hivyo ndivyo mama yenu alivyomwambia Ambwene asubuhi hii, alipomwona anatoka mbio kwenda kumshitaki mwenzake kwa kocha. Ambwene akarudi akakaa, lakini naona hakuelewa kitu, maana amekuja kuniuliza mimi kama upepo nao una kitanda. Haya, kaeni. Sogezeni hilo sinia la mchele mchambue mawe huku mnasikiliza, kwa sababu mimi simpi mtu habari ndefu mikono yake ikiwa imelala. Mnadhani kila methali ilitungwa na wahenga waliokufa kabla ya babu wa babu zenu. Hii haina hata miaka hamsini. Waliotunga walikula ugali wangu, na mmoja wao nilimpikia mpaka siku yake ya mwisho. Ilianza hivi.

Igandavi ya wakati ule haikuwa na lami wala taa. Mji ulikaa hapa hapa ulipo, ndani ya bonde, na nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote. Upande wa kusini milima, upande wa kaskazini mto, na ng'ambo ya mto mbuga mpaka macho yachoke. Majaruba ya mpunga yalikuwa huko juu, kati ya mji na milima. Mfereji mkubwa ulikuwa na miaka michache tu tangu uchimbwe. Kabla ya mfereji, wakulima wa mpunga hapa mngeweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Baada ya mfereji kila mtu alikuwa na jaruba, hata katekista, hata fundi baiskeli ambaye hakuwahi kushika jembe ila kulitia mpini.

Tulivuna kuanzia Mei mpaka Julai. Mpunga ulipigwa, ukapepetwa, ukatiwa kwenye magunia, na mabua yakabaki. Yaliyokuwa kwenye viwanja vya kupigia yalichomwa kidogo kidogo, kila jioni kwa mtu mmoja au wawili. Yaliyosimama shambani yalingoja Jumamosi ya mwisho ya Julai, katikati ya kipupwe, yakachomwa yote kwa siku moja.

Nikiwaambia moto ule ulikuwa mzuri mtaniona bibi wa ajabu, lakini ulikuwa mzuri, na sitaanza kusema uongo kwa sababu nimezeeka. Jioni ya kuchoma ilikuwa sikukuu yetu kubwa baada ya Krismasi. Wanawake tulipika kando ya mfereji. Watoto walifukia viazi vitamu kwenye majivu, wakavila vikiwa vimeungua nje na vibichi ndani, midomo myeusi, na hakuna aliyewagombeza. Wasichana walivaa vitenge vipya. Kesho yake vitenge vilinuka moshi na hatukuvifua upesi, maana harufu ile kwetu ilikuwa harufu ya gunia lililojaa. Mpaka leo nikisikia bua la mpunga linaungua mahali, moyo wangu unafurahi kwanza, halafu ndipo akili inaukemea.

Na moto haukuwashwa ovyo. Mtu aliyemaliza kuvuna wa kwanza ndiye aliyepewa heshima ya kuwa mwasha. Mke wake alitoa kaa la moto kwenye mafiga ya jiko lao, akaliweka kwenye kigae cha chungu, na mwasha akapita nalo katikati ya mji, watu wakimfuata nyuma kwa nyimbo. Saa nayo ilikuwa na sheria yake. Moto uliwashwa jua likiwa limeinama na halijazama, kwa sababu saa hiyo upepo unapanda mlimani na moshi hauingii nyumbani kwa mtu. Wazee walilisisitiza hilo. Kwao ulikuwa ni ustaarabu, na mtu aliyechoma asubuhi alionekana hakulelewa.

Mwasha wa Igandavi kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa babu yenu, Lutengano. Mlimkuta mzee mpole anayelala kwenye kiti akisikiliza redio. Mimi niliolewa na mwanaume mwingine kabisa. Alikuwa na mabega mapana, aliamka kabla ya jogoo, na alijua kwamba anatazamwa. Alipopita na kile kigae alitembea polepole kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa namcheka, na nilikuwa nampenda kwa hilo hilo.

Tulikuwa na mtoto mmoja wakati huo, Tumpe, mama mkubwa wenu. Alikuwa na miaka saba. Mvua ikinyesha alikuwa mzima, anakimbizana na mbuzi. Kipupwe kikiingia kifua kinabana. Alikaa kitandani mabega yakipanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi, na macho yake yananitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeificha hewa mahali. Tulimpaka mafuta ya karafuu, tukamnywesha mizizi, tukamfunika. Kila mwaka hali ilizidi ya mwaka uliopita.

Mganga wa zahanati alitwambia ukweli mwezi Juni ule. "Hii ni pumu, na kinachomuumiza ni moshi. Ama moshi uondoke Igandavi, ama mtoto aondoke. Mkikaa hivi, kipupwe kimoja kitamchukua."

Dada yake Lutengano, Subilaga, aliishi kule juu mlimani, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Hakujaliwa mtoto, na alikuwa ameshatuma salamu kwamba atampokea Tumpe kwa mikono miwili. Lutengano hakutaka kusikia.

"Mtoto wangu hatalelewa na mtu mwingine nikiwa hai," alisema. "Moshi ndio utakaoondoka."

Akaanza kuutafuta moshi. Aliupata upesi, kwa sababu alitafuta ule unaoonekana.

Kando ya mto alikuwepo fundi wa matofali, Kibona. Alifyatua kwa kalibu, kile kisanduku cha mbao, akaanika, akapanga tanuru, akalichoma kwa pumba alizozoa kwenye mashine ya kukoboa. Matofali ya nyumba hii mliyoegemea ni kazi ya mikono yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu utotoni. Sasa, tanuru likiwaka, mchana upepo unatoka mbugani unaelekea milimani, na moshi wa Kibona ulipita juu ya paa zetu saa sita mchana, mweupe, kila mtu akiuona na kukunja pua.

Lutengano akaitisha baraza. Akasimama mbele ya watu amembeba Tumpe mkononi, akasema, "Moshi wa mtu huyu unamuua mwanangu." Hapakuhitajika maneno mengi zaidi, maana mtoto alikohoa pale pale.

Kibona aliulizwa ana la kusema. Akasimama, akavua kofia.

"Moshi wangu upo, sikatai," alisema. "Lakini mimi nachoma siku nne kwa mwezi. Mtoto anakohoa siku ngapi?"

Mwenyekiti akaamua tanuru lisiwashwe mpaka mvua zipite. Kibona alikuwa ameshapanga matofali elfu kumi na mbili, mabichi, yanangoja moto tu. Na mimi nilikuwepo pale, nimekaa na wanawake, nikapiga vigelegele. Msinitazame hivyo. Nilikuwa mama wa mtoto mgonjwa na nilikuwa nimepewa mtu wa kumchukia.

Tanuru likakaa kimya. Zikapita wiki tatu. Tumpe hakupona. Alizidi.

Julai ikiwa imepita katikati, Kibona akabisha hodi kwetu. Alikuwa anakwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chai, maana hapa kazi ilikuwa imekwisha, na alikuja kuchukua kalibu aliyotuazima tulipojenga jiko. Nilimkaribisha huku natazama chini. Ndani Tumpe alikuwa anakohoa kile kikohozi kirefu ambacho msikilizaji naye anaishiwa pumzi.

"Shemeji, mtoto bado?" akaniuliza.

"Bado."

Lutengano akatoka nje. Hawakusalimiana.

"Tanuru langu lina wiki tatu halina moto," Kibona akasema.

"Najua."

"Basi leo anakohoa moshi wa nani?"

"Wako ulikwishamuingia kifuani," Lutengano akasema. "Hautoki kwa siku moja."

Kibona akainama akaichukua kalibu yake, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Ndugu yangu," akasema, "nyie huko juu mnawasha jioni, mnauona moshi unapanda mlimani, mnageuka mnakwenda kula. Sijawahi kusikia hata mmoja wenu akiuliza upepo unalala kwa nani."

"Upepo unapanda mlimani. Hata mtoto mdogo anajua."

"Unapanda, ndiyo. Lakini mimi tanuru likiwaka nalichunga siku nne bila kutoka, jua na giza. Mchana moshi wangu unakuja mjini kwenu, mmenifungia kwa hilo na mna haki. Jua likishazama hauji. Unakwenda mbugani. Kajiulize kwa nini."

Akaweka kalibu begani akaenda zake.

Lutengano alikasirika, akasema Kibona anatapatapa. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika ungo, na mwili wangu ulikuwa umepoa, kwa sababu mimi nilijua. Wanangu, mimi kazi yangu ilikuwa kupepeta. Hapakuwa na mwanamke hapa aliyekuwa ananishinda kwa ungo. Na kila mpepetaji wa Igandavi anajua kwamba jua likigusa mbuga, upepo unakufa kidogo, halafu unageuka. Makapi uliyokuwa unayapeleka mlimani yanakurudia usoni na kuangukia juu ya mpunga safi. Tulikuwa tunasema, "Upepo umechoka," tunafunga ungo tunakwenda nyumbani. Miaka yote ile nilikula makapi, nikatema, nikacheka na wenzangu, wala sikuwahi kujiuliza kama moshi nao unarudi pamoja nayo. Nilijua nusu moja kwa mikono na nusu nyingine sikutaka kuijua.

Jioni ile nilimwambia mume wangu anifuate kwenye uwanja wetu wa kupigia. Alinifuata kwa kununa. Nilibeba ungo wa makapi. Mzee Mwaipungu, jirani yetu wa shamba, alikuwa amewasha rundo la mabua yake na kwenda nyumbani, na moshi wake ulikuwa unapanda kuelekea milimani vizuri kabisa, kama sheria inavyotaka.

"Unaona," Lutengano akasema.

"Naona. Kaa."

Nikarusha makapi ya kwanza. Yakaenda mlimani. Tukakaa kwenye tuta la mfereji. Alitaka kuondoka mara mbili, nikamshika shati. Jua likagusa mbuga. Nikarusha tena, na makapi yakaanguka miguuni pangu. Hapakuwa na upepo wowote. Moshi wa Mwaipungu ulikuwa umeegemea mlima umetulia, mtu angeweza kudhani umepanga kukaa huko.

Halafu baridi ikatushika shingoni. Nikarusha mara ya tatu, na makapi yakaja yote usoni kwa Lutengano, kwenye nyusi, kwenye masharubu. Hakuyafuta. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kule mlimani, ambako moshi ulikuwa umeanza kushuka. Haukushuka kwa haraka. Ulipita chini chini, ukafuata njia ya mfereji, ukavuka majaruba ya watu, ukafika nyumba za juu, ukapita, ukazifikia za kati, na mwisho ukajaa chini ambako hapana pa kwenda tena. Chini ilikuwa ni kwetu. Tuliliona paa letu, tukalitazama mpaka halikuonekana.

Rundo lile lilikuwa moja tu. Sisi tulikuwa tumechoma letu siku tisa kabla.

"Ni mimi," Lutengano akasema. Akarudia, "Ni mimi, Mama Tumpe." Nilitaka kumwambia ni sote, na ilikuwa kweli, lakini niliona afadhali alibebe kosa hilo kidogo kama lilivyo.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi ilikuwa siku ya kuchoma, na mwasha alikuwa yeye.

Jumamosi alasiri aliingia jikoni na kigae chake. Nje watu walikuwa wameshaanza kuimba, nilisikia sauti ya katekista ikizidi za wengine kama kawaida yake. Nikachukua koleo, nikachagua kaa kubwa jekundu, nikaliweka kwenye kigae, maana sikuwa mimi wa kumkatalia mbele ya mji. Akalitazama. Alilitazama mpaka likavaa jivu juu. Chumba cha pili Tumpe alikuwa anavuta pumzi, moja, tunangoja, ya pili. Lutengano akaweka kigae chini kando ya mafiga, akatoka mikono mitupu. Nilikuwa nimemwona akipita na lile kaa kwa mbwembwe miaka mitatu. Siku ile alipita bila kitu na ndiyo siku niliyojua nimeolewa na mtu.

Nilimfuata mpaka shambani. Watu walikuwa wamejaa kwenye matuta, nao walidhani anawafanyia mzaha, kaa linakuja nyuma.

"Sina moto," akawaambia. "Mwezi uliopita nilisimama mbele yenu nikamfungia Kibona tanuru. Nilimwonea. Moshi unaomuua mwanangu ni wangu, na ni wenu. Tunauaga hapa jioni ukiwa unapanda, nao ukishatuona tumekwenda kula unashuka kulala kwetu. Naomba mwaka huu tusichome."

Mzee Mwaipungu alisimama. Hakuwa mtu mbaya. "Lutengano, wazee wetu walichoma jioni hii hii, saa hii hii, na hawakukohoa."

"Wazee wetu walikuwa na majaruba sita, mzee wangu. Hesabu yetu leo."

"Na mabua tuyafanyeje? Tuyatie nazi tuyale?"

Watu wakacheka, na vicheko vile vilitosha. Chakula kilikuwa kimeshapikwa. Watoto walikuwa wameshachimba mashimo ya viazi. Mtu mmoja akasema, "Mwaka huu wa mwisho, mwakani tutazungumza," na sauti nyingi zikamuunga mkono. Wakatuma mtu akaleta kaa nyumbani kwa Mwaipungu.

Lutengano hakungoja liwashwe. Alikimbia. Nilimkuta nyumbani ameshamtoa Tumpe nje amemfunga mgongoni kwa kitenge changu, mtoto wa miaka saba amefungwa kama kichanga, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Alitaka afike juu ya moshi kabla upepo haujageuka.

"Nampeleka kwa Subilaga," akasema. "Mpaka kipupwe kiishe."

Nikamtia Tumpe kiazi mkononi. Hakulia. Alidhani anapelekwa kutembea, na alifurahi kwa sababu baba yake hakuwahi kumbeba mgongoni. Niliwatazama wakipanda ile njia ya mlimani, na nyuma yao majaruba yakashika moto, yote kwa pamoja. Ulikuwa mzuri moto ule, mzuri kuliko wa mwaka wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtauliza, baada ya hapo mji ukaelewa? Mji hauelewi haraka hivyo. Tulichoma mwaka uliofuata pia, na uliofuata huo. Kibona hakurudi mpaka mwaka wa pili, na alikuta mvua imeyageuza matofali yake elfu kumi na mbili kuwa kichuguu cha tope. Lutengano akaenda kumwomba msamaha. Kibona akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusamehe, ila msamaha haufyatui tofali." Basi kiangazi chote mume wangu, mwasha wa Igandavi, alikanyaga udongo wa Kibona kwa miguu yake, suruali imekunjwa magotini, watu wakipita wanamtania. Walijenga tanuru jipya ng'ambo, mbali na mji. Na mabua yetu tukampa Kibona afunikie matofali mabichi yasipasuke kwa jua.

Kilichobadilisha watu kilikuwa utani. Kibona, asubuhi za kipupwe, akipita na baiskeli akasikia mtu anakohoa ndani, alikuwa anauliza kutoka barabarani, "Jamani, upepo umelala kwa nani leo?" Mwanzoni walimtukana. Baadaye wakawa wanaulizana wenyewe kisimani. Mwaka wa tatu mke wa Mzee Mwaipungu alishikwa na kifua, na asubuhi moja Kibona alipouliza, mzee mwenyewe alitoka mlangoni amejitanda shuka akasema, "Kwangu. Umelala kwangu." Mwaka ule hakutoa kaa, wala hakuna mwingine aliyekubali kutoa. Wengine waliwapa ng'ombe mabua, wengine waliyalimia chini yakaozea humo, na wengine walinung'unika tu. Jumamosi ya mwisho ya Julai ikapita kama Jumamosi nyingine. Niliipenda hewa yake, na niliulilia moto kidogo.

Tumpe hakuwa nyumbani miaka yote hiyo. Ilikuwa aende mpaka kipupwe kiishe, lakini alianza shule kule, na kila tukisema arudi, mwezi wa moshi ulikuwa unakaribia tena. Baba yake alipanda kumwona kila mwezi na kilo mbili za mchele. Mwaka wa nne, tulipokuwa na hakika, alikwenda kumchukua likizo ya Juni. Aliondoka kabla hapajakucha, amevaa shati la kanisani.

Tumpe alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alishuka kwenye baiskeli akanipigia magoti, akanipa shikamoo kwa lafudhi ya mlimani. Alikuwa mrefu, ana adabu, anaosha vyombo kabla hajaambiwa. Tulikaa naye kipupwe kile, wiki moja, mbili, tano. Hakukohoa hata mara moja. Baba yake alikuwa anasimama mlangoni kwake asubuhi na mapema, anasikiliza, halafu anakuja jikoni kuniambia, "Anapumua," kama mtu aliyeleta habari kutoka mbali. Sijawahi kumwona Lutengano na furaha ile, hata siku ya harusi yetu, maana siku ya harusi viatu vilikuwa vinambana.

Wiki ya sita, jioni, tulikuwa tumekaa hapa hapa tunachambua mchele. Tumpe akainua uso.

"Baba, samahani. Tunarudi lini nyumbani?"

Lutengano akadhani hakusikia vizuri. "Hapa ndipo nyumbani, mwanangu."

"Ndiyo, baba," akasema, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri. Akachambua tena kidogo. "Nauliza kwa sababu mama ananingoja tupande viazi."

Mama aliyemsema alikuwa Subilaga. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Sikumlaumu mtoto na sikumlaumu wifi yangu. Nililia baadaye, peke yangu, na nililia sana.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Lutengano akamrudisha. Hakumbeba mgongoni, Tumpe alikaa nyuma kwenye keria, miguu yake mirefu inakaribia kugusa chini. Baba yake alirudi kesho yake jioni akikokota baiskeli, wala haikuwa na pancha. Nilimwona kwa mbali nikatoka kumpokea. Pale kwenye njia panda ya mfereji alisimamishwa na kijana mmoja mgeni, aliyenunua jaruba msimu ule. Alikuwa na rundo la mabua mbele yake na kibiriti mkononi. Jua lilikuwa limeinama, na moshi, kama angewasha, ungepanda mlimani.

"Shikamoo mzee," kijana akasema. "Nimeambiwa nikuulize wewe. Ni rundo moja tu, na upepo ni mzuri."

Lutengano alilitazama lile rundo kwa muda, halafu akaitazama ile njia ya mlimani aliyoshuka nayo. Macho yake yalikuwa mekundu. Sauti yake haikuwa ya kukaripia. Alimwambia kama baba anavyomwambia mwanawe wa kumzaa, na watu waliokuwa wanatoka shambani walisimama wakasikia, wakalichukua neno lile wakaenda nalo makwao.

"Mwanangu, kabla hujawasha, uliza upepo unalala kwa nani."